Sikuwauliza Wagiriki

...na gurudumu la cherehani bado linazunguka lenyewe, kitini hakuna mtu, na Ambwene amekaa palepale kwenye benchi la baraza na kikombe cha chai mkononi, anajiuliza amekimbia nini huyu, Zakia, binti wa fundi Alawi, ambaye hajawahi kumkimbia mtu Tukuyu nzima, tena aliyeingia si mgambo wala mtoza kodi, ni baba yake Ambwene tu, mzee Anyelwisye, amekuja kwa miguu kutoka Kyimo na suruali ya kutiwa kiraka kaibana kwapani, kapiga hodi, msichana akashtuka, akajifunika kanga usoni, akachupa nyuma ya majora ya vitambaa akachutama huko kimya, hata salamu hakutoa, mzee wa watu kasimama mlangoni anachuruzika maji ya mvua, anasema, "Gwe Ambwene, nimemkosea nini huyu binti?", na yeye, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, aliyelishwa lugha za kale chuo cha wachungaji kabla hajakikimbia, anajibu, "Subiri baba," kana kwamba jibu linakuja na basi la Mbeya... ni hasira, ndiyo, itakuwa hasira za Jumapili, maana Jumapili alimharibia, hapahapa, Zakia kasimamisha cherehani akamwambia posa ya Amri imeshaletwa, Amri mwenye duka kule Kyela, baba anatoa jibu Ijumaa, sasa mwalimu unanipenda au hunipendi, nijue moja, na yeye badala ya kusema ndiyo akafungua kinywa ikatoka hotuba, Mungu amsamehe, akaanza kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na erosi na walikuwa na agape na havichanganywi, na Warumi wao walisema passio, na passio maana yake mateso, ndiyo wakaiweka msalabani, na yule Mjerumani wa misheni naye neno lake la mapenzi makali lina mateso tumboni, na Waarabu wana ishki, ambayo ndiyo hiyo ashiki yenu watu wa pwani, halafu kuna mahaba, kuna huba, kuna nyonda, kuna shauku, kwa hiyo ukiniuliza kama nakupenda inabidi kwanza tuelewane, na hapo Zakia akamtazama, akamtazama sana, akasema, "Mimi nimekuuliza wewe, sikuwauliza Wagiriki," akarudi kukanyaga cherehani yake... aibu gani ile, mpaka leo Alhamisi masikio yanawaka moto, na wala si kwamba hampendi, anampenda mpaka chakula hakishuki, ila neno likifika mdomoni analigeuza na kuligeuza, hili la vitabuni, hili la wahuni wa stendi, na lile la nyumbani, ulugano, alilolinyonya kwa mama yake, mchungaji alishalichukua likawa la Mungu, sasa atalitoa wapi la kwake, na dini je, na ndoa yenyewe itafungwa wapi, bomani?, na Alawi akirudi kutoka msikitini atamwambia nini, au ni woga tu, woga una neno katika kila lugha na halimpi mtu taabu kulitafuta... "Ambwene, nakuuliza," baba anasema... na kanga, mbona kanga?, mtu mwenye hasira anabamiza mlango, anasonya, na Zakia kwa kusonya hana mpinzani, hajifuniki uso, hachutami, aliyewahi kuchutama hivyo ni... ngoja, Atupele, mke wa kaka, siku ile wanatoka sokoni wote, mzee akatokea njiani, Atupele akatupa kapu la ndizi akaingia migombani akachutama, kanga usoni, Zakia akacheka mpaka akakaa chini, akauliza huyu ana wazimu?, na ni yeye mwenyewe Ambwene aliyemweleza kwamba kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hata jina lake halitamki, akimsikia tu anajificha, na anaanza tangu siku anapoposwa akakubali, kanisa limesema weee lakini baba hakuiacha hiyo, na Zakia akaacha kucheka, akauliza taratibu, hata kama mwanamke si Mnyakyusa?, na yeye akajibu ovyo huku anamenya chungwa, hata kama, mkwe ni mkwe... mkwe, ee Mungu, kumbe hakukimbia, au labda anamdhihaki, anamlipa ya Jumapili, yeye na mila zake na Wagiriki wake, lakini ule mguu unaoonekana chini ya jora la marekani unatetemeka, na mtu wa dhihaka hatetemeki, msichana amejiposa mwenyewe, bila mshenga, mbele ya baba mtu, na asipojibiwa atatokaje huko nyuma, atauweka wapi uso wake... na mbona mzee hajauliza tena, Ambwene anageuka kumtazama na baba naye amegeuka, ameligeuzia duka mgongo, ameshuka barazani mpaka mvuani, analowa, uso kaelekeza barabarani, na anaiambia barabara, polepole, "Mwambie mkamwana atoke, asiumie magoti, mimi simwoni."

Na hakuna anayetoka, mvua ileile, majora yaleyale, mzee analowa na yule amechutama, na Ambwene benchini anaona kwamba hawasubiriani wao, wanamsubiri yeye, msichana wa pwani amesema na mzee wa Kyimo ameitikia, wala hakuna aliyetafuta neno, amebaki yeye tu hajasema kitu, na kule chini Alawi anapanda kutoka msikitini na kofia yake nyeupe, anaharakisha kwa ajili ya mvua, na akifika atauliza kuna nini hapa, na Ambwene atamjibu, yeye mwenyewe, kwa neno lolote litakalotangulia kutoka.