Miche Iliyoomba Uhamisho

Asubuhi ya sherehe ya mazingira, Mwalimu Umi alisimama nyuma ya uwanja wa mpira wa chuo na ndoo ya miche ya mikoko, akiwatazama wanachuo wakizibua mashimo ya mwaka jana. Hakukuwa na haja ya kuchimba mapya. Walikuwa wanang'oa vijiti vikavu vilivyobaki, wanavitupa nyuma ya choo, kisha wanalainisha mchanga kwa jembe. Bango nalo lilikuwa lilelile, limebandikwa tarehe mpya juu ya ile ya zamani.

Umi alifundisha Biolojia katika chuo hicho cha ualimu, pale Kilwa Masoko, na alikuwa mlezi wa klabu ya mazingira. Alijua, kama ajuavyo mtoto yeyote wa pwani, kwamba mkoko ni mti wa matope na maji ya chumvi. Nyuma ya uwanja bahari haijawahi kufika hata bamvua likiwa kubwa namna gani. Matope yenyewe yalikuwa chini kidogo tu, mtu akirusha jiwe linatua. Juma lililotangulia alikuwa amekwenda kumweleza mkuu wa chuo, Mwalimu Erasmo.

"Mgeni rasmi na matope wapi na wapi, mwalimu?" Erasmo alimjibu, bila ukali. "Halafu gari lake litasimama wapi?"

Basi wakapanda palepale mchangani. Mgeni rasmi alipanda mche wake, akapigwa picha, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akahutubia kuhusu vizazi vijavyo. Wanachuo wakaimba. Watu wakala pilau, gari likaondoka.

Jioni, magharibi ikikaribia, Umi alikuwa kibarazani anapepeta mchele akasikia hodi. Akaitikia karibu. Miche ikaingia uani kwa mstari, inatembea kwa mizizi, taratibu, kama watu wanaopita mbele ya wanaoswali.

"Shikamoo, mwalimu," ulisema mche uliotangulia, mrefu kuliko wenzake.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo kidogo. Kiu tu."

Umi akaweka ungo chini, akachota maji, akatia chumvi ya jikoni, akaonja kwa ncha ya ulimi, akaongeza. Miche ikanywa kwa zamu. Mumewe Salumu, mfanyabiashara wa ng'onda, wale samaki wa kukaushwa, alirudi kutoka sokoni, akainua kanzu yake isinase kwenye majani, akauliza kama wageni watakula.

"Wanakunywa tu."

"Afadhali," alisema Salumu. "Mchele wenyewe ndio huo."

Baada ya chakula Umi aliwauliza wageni wake kwa nini wasiteremke kule kwenye matope, maana ni karibu kuliko hapo kwake.

"Tumepangiwa kituo," ulijibu mche mrefu. "Tena tumepangiwa na mgeni rasmi. Tukiondoka bila ruhusa tutaitwa watoro."

Umi aliyajua hayo. Yeye mwenyewe aliwahi kupangiwa Kipatimu, huko milimani, mumewe kabaki pwani anaunguza ugali, na kila alipoomba uhamisho aliambiwa avute subira. Akawatandikia miche magunia yaliyoloweshwa, ikalala.

Tangu siku hiyo miche ikawa inakwenda naye kazini. Darasani ilikaa mbele, wanachuo wakasogea kuipisha. Dismas, mwenyekiti wa klabu, kijana wa Kipatimu aliyejifunza kuogelea ukubwani, alijitolea kubeba ndoo ya maji ya chumvi. Mwalimu Erasmo alipochungulia dirishani aliuliza kitu kimoja tu, kama hao wapya wana sare. Aliposikia hawana, alisema wavumiliwe hadi muhula ujao.

Katika jaribio la somo la makazi ya viumbe, Umi aliuliza mkoko huota wapi. Darasa zima liliandika, "Nyuma ya uwanja wa mpira." Miche ilisoma majibu hayo yakisahihishwa, ikainamisha majani kwa adabu.

Lakini chumvi ya jikoni si bahari. Majani yakaanza kuwa ya njano. Mche mdogo kuliko yote, uliopenda kukaa karibu na ubao, ulianguka katikati ya kipindi. Dismas akauokota, akauegemeza kifuani kwake, na mchana ule hakugusa maharage yake. Umi aliuona ukipumua kwa shida. Aliacha chaki mezani akaenda ofisini kwa mkuu, na miche yote nyuma yake.

"Inakufa," alisema. "Tena inakufa darasani kwangu."

Erasmo hakuwa mtu mbaya. Nyumbani alifuga njiwa na kila mmoja alikuwa na jina. Aliutazama ule mche mdogo mikononi mwa Dismas, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Kuwahamisha siwezi," alisema. "Picha zimeshakwenda mkoani, na zinaonyesha pale. Ila wakae matopeni. Mgeni akija kukagua, kila mmoja awe shimoni mwake. Sitaki shimo tupu."

Miche ilishauriana, ikakubali. Mche mrefu ulimshukuru mkuu kwa niaba ya wenzake.

Wakateremka mchana ule ule, maji yakiwa yanaanza kujaa. Wanachuo walivua viatu, wakaingia matopeni hadi magotini, wakishikana wasianguke na wakianguka hata hivyo. Dismas akauweka mche mdogo mahali palipoufaa. Maji yalipougusa, ulijinyoosha, ukapiga chafya. Umi akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Akasingizia chumvi.

Miche ikanawiri. Ilipotangazwa kwamba mgeni rasmi anakuja kukagua, Dismas alipuliza filimbi. Miche ikapanda kutoka baharini, ikakung'uta matope, ikasimama kila mmoja shimoni mwake, imenyooka, kaa mmoja bado ananing'inia kwenye tawi. Mgeni rasmi alipita kati yao akigusa majani.

"Asilimia mia," alisema. "Halafu kuna watu wanasema mikoko inataka matope."

"Inataka, mheshimiwa," alisema Umi.

Erasmo alikohoa. Mgeni rasmi akacheka, akampiga Umi begani kwa upole.

"Mwalimu, sayansi ni kuona kwa macho. Haya si matope." Alikanyaga mchanga mara mbili kuthibitisha, kisha akatangaza kwamba njia hii ya kupanda mikoko mahali pakavu itumike mkoa mzima, ikiwezekana kando ya lami, wananchi waione. Mwalimu Umi ateuliwe kuisimamia. Watu wakapiga makofi, na miche nayo ikapiga kwa majani iliyokuwa nayo.

Ndivyo Umi na klabu yake walivyojikuta Mingoyo, kwenye njia panda, kwa sherehe nyingine. Walipanda miche mipya kati ya barabara na kibanda cha mihogo ya kukaanga. Lori la korosho lilipita likaitia vumbi kabla hotuba haijaisha. Gari la mgeni lilipoondoka, Umi alichuchumaa kando ya mashimo.

"Tokeni tu," aliiambia. "Ruhusa mnayo. Fuateni mto unakoteremkia, mtayaona maji. Na msikubali lifti."

Miche ikajing'oa mmoja mmoja. Mmoja ulibaki nyuma ukiitazama barabara, halafu bahari ambayo haikuonekana.

"Mwalimu," uliuliza, "kwa nini hamkutupeleka moja kwa moja?"

"Gari la mgeni linaishia hapa."

Mche ukafikiri.

"Kwani yeye hajui kutembea?"

Umi alilifikiria sawasawa, maana swali lilikuwa limeulizwa kwa heshima.

"Hatujamwona akijaribu," alisema.

Dismas alinyoosha mkono katikati ya lami, basi la Mtwara likasimama, na miche ikavuka.