Chombo Kisichopigwa

Mjukuu wangu ni fundi wa kuchomelea. Namwita mke mwenzangu, naye hunijibu kwa utani huohuo, basi tunaelewana. Alipojifungia stoo kutengeneza kinanda ambacho hakuna aliyewahi kukiona, nilisubiri. Mvumilivu hula mbivu, na kwa meno niliyobakiwa nayo, mbivu ndiyo ninayoiweza.

Kilikuwa chuma kirefu kilichopangwa vijiti vya kioo kama meno ya kitana, nyuma yake bati kubwa la kukuza sauti. Lakini akikipiga, vijiti vinalia ti, kama kijiko kwenye kikombe. Akizidisha nguvu, kimoja kinavunjika.

Ikafika siku ambayo mchana wake mwalimu wa kikundi cha maigizo alikuwa aje kukisikiliza. Mjukuu alishaapa kwamba kikimshinda siku hiyo anakifumua, chuma kikatengeneze dirisha la jikoni, na habari ya kuunda vinanda asiisikie tena. Baba yake, mwanangu, kila akipita mlangoni alikuwa anauliza kama dirisha lake limeshajua kuimba.

Asubuhi ya siku hiyo mjukuu akanijia, macho mekundu. "Bibi, nimekipiga kwa mti, kwa mpira, kwa kidole. Hakipigiki."

Nikamwambia akaoge, mgeni asimkute na masizi. Mimi nikachukua kitambaa kibichi, maana hata kinachokwenda kuvunjwa hakipokei mgeni na vumbi. Nikashika kijiti cha kwanza, nikakifuta polepole kutoka shina hadi ncha.

Kikaimba. Sauti nene, ndefu, bati zima likitetemeka, hata nikadhani lori limesimama nje. Nilipoacha, ikanyamaza. Nilipofuta, ikarudi.

Mjukuu akatoka bafuni mbio, povu sikioni, akaniuliza nimekipiga na nini.

"Sijakipiga, mke mwenzangu. Nimekifuta."

Akaketi juu ya ndoo. Akatazama vidole vyake vilivyolowa, akavipitisha kwenye kijiti cha pili, kikaitika.

"Ngoma tunapiga," akasema, "gitaa tunapiga, hata filimbi ya kupuliza tunasema tunapiga. Basi na mimi nikawa napiga tu."

Akacheka, akalia kidogo, akacheka tena.

Mwalimu alipofika, hata kabla ya kuketi, akasema, "Haya, nipigie nisikie." Tukatazamana, tukaangua kicheko, mgeni wa watu asijue amekosea wapi. Mjukuu akachovya vidole kwenye bakuli la maji.

Chai ya mwalimu ikapoa bila kuguswa. Mlangoni mwanangu alikuwa amesimama, haulizi tena habari ya dirisha.