Taa Nje

Ghala lile tukiliita Kwa Unga, na kila mtu alikuwa na kisa chake cha kwa nini. Wengine wakisema ni unga wa mtama, chakula cha askari wa Kiarabu waliokaa pale rasini enzi za mababu, wakawanyima watu mwaka wa njaa, na majini yakawaadhibu. Wengine wakisema mengine. Watu wa kwetu, wallahi, ukiwapa jiwe na jina watakutilia na ukoo wake. Lakini juu ya jambo moja hatukuhitilafiana: mtu akiingia Kwa Unga, kiatu nje, chuma nje, taa nje. Mtoto wa kijiji chetu cha Chokocho akiyajua maneno hayo kabla hajaimaliza Alhamdu.

Mwenye kuyashika zaidi alikuwa Bi Mgeni, bibi kizee ambaye nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya rasi. Aliyapokea kwa bibi yake, na bibi yake kwa wa kwake, na huyo wa mwanzo, alisema, aliyapokea kwa mwenyewe mwenye pahala. Mwenye pahala ni jini. Hapo hatukuuliza zaidi, maana jini haombwi hati.

Mwaka wa hamsini na nane karafuu zilizaa mpaka matawi yakavunjika, na Bwana Abrahman, tajiri wa karafuu, akakosa pahala pa kuziweka. Akalikumbuka ghala. Lina kuta, lina paa, halina mtu. Akataka litobolewe mlango wa pili upande wa bahari, magunia yaingie huku yatokee kule. Kazi akampa Nyange.

Nyange alikuwa fundi mwashi. Wazee wake walikuja kutoka Bara, wakazikwa Pemba, na yeye hakujua kwengine. Mkewe alikuwa amefariki miaka minane nyuma, akamwachia binti mmoja tu, Mwanabaraka, ambaye mwezi wa Mfungo Nane alikuwa aolewe Konde, kaskazini ya kisiwa. Binti mzuri, mpole, kasoro yake moja: wa kushtuka. Mlango ukibamizwa, kikombe kiko chini. Nyange alishazoea kukohoa tangu uani ili mwanawe ajue kuwa baba anaingia.

Ile ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya kwanza kupewa yeye mwenyewe, si chini ya fundi mwengine, na kichwa kilimvimba kidogo. Basi alipoona vibarua wote wamekataa kugusa ukuta wa jini bila ya idhini, akaenda kwa Bi Mgeni mwenyewe.

"Mlango mpya wataka ruhusa mpya," Bi Mgeni akasema. "Pahala pafukizwe ubani. Tena ndani, si kizingitini kama tulivyozoea. Chetezo kiwekwe kati ya nyumba, kiachwe mpaka kizime chenyewe. Na mie mikono hii haishiki tena kitu. N'nataka msichana ambaye hajaolewa."

Siku ile wasichana wote wa Chokocho waliumwa tumbo. Mama zao walikuwa na haraka ya kutangaza. Akabaki Mwanabaraka, ambaye hakuwa na mama wa kumsemea, na baba yake akamtoa. Sisemi hakumpenda. Nasema alikuwa fundi, na ukuta ulikuwa unamngoja.

Mwanabaraka aliuliza swali moja tu. "Bibi, si mnasema taa nje? Na chetezo je?"

"Taa ndiyo niliyosema. Ubani si taa. Weye ushamwona mtu akasoma Kurani kwa mwanga wa chetezo?"

Watu waliokuwapo wakacheka, na Nyange akacheka nao. Neno likapita hivyo.

Nyange akaanza kulipima ghala peke yake, siku tatu mfululizo. Aliheshimu: alivua viatu, akaacha nyundo na tindo nje, na kwa kuwa timazi yake ilikuwa ya chuma, alifunga kijiwe kwenye uzi akapimia hicho. Na kadiri alivyopima ndivyo alivyozidi kushuku, kwa sababu ukuta humsemesha mwashi hata akiwa hataki kusikia.

Kwanza, kuta zilikuwa mbili. Nyumba ya mawe ndani ya nyumba ya mawe, na baina yao ujia mwembamba mtu apite kwa ubavu. Nani anayejenga hivyo kwa kuweka unga wa mtama? Matundu ya hewa yalipinda katikati ya ukuta kama kiwiko cha mkono, upepo upite, cheche isipite. Bawaba za mlango zilikuwa za shaba. Sakafu ilikuwa ya mbao nene juu ya boriti, imeinuliwa kutoka ardhini, na katika mbao zile zote hakuona msumari hata mmoja. Zilishikwa kwa vigingi vya mti. Halafu paa. Kuta zina unene wa dhiraa mbili, na paa limeezekwa jepesi kama la banda la mbuzi, tena upande wa mlangoni lilikuwa limetoboka na mvua inaingia. Mtu aliyejua kujenga kuta zile hakushindwa kujenga paa. Alilitaka liwe jepesi.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukielewa kabisa. Katika ukuta wa ndani palikuwa na kidaka, kile kishimo cha kuwekea taa, lakini kilifunguka upande wa ujiani. Kwa ndani ya ghala kilionekana kama kibandiko cha uchafu tu. Taa ya kumulikia ujia ambao hakai mtu, ya nini? Akakiacha.

Huyu aliyejenga, Nyange akajiambia, alikuwa anaogopa kitu. Na si jini, maana jini hajali bawaba ni ya shaba au ya chuma.

Siku ya tatu, karibu na mlango, aliona baina ya mbao vumbi jeusi. Akalisugua kwa vidole. Ndipo likamjia neno la marehemu babu yake, ambaye baruti hakuiita baruti. Aliiita unga wa bunduki.

Nyange alikaa kitako pale pale. Aliogopa, na sina haja ya kumsitiri, aliogopa mpaka akasahau kuwa kuinuka huanza na miguu. Lakini alikuwa mtu wa kujaribu, si wa kudhani. Alikwangua vumbi lile kwa kigae, akalichukua mbali ufukweni, akalimwaga juu ya gamba la kome na kulitilia kaa la moto. Likafuka moshi kidogo, likatoa harufu mbaya, likazima. Akarudia mara ya pili. Likazima.

Umekufa, akasema. Unga wa miaka mia, umekufa kama waliouweka. Akavuta pumzi, na ile pumzi ndiyo iliyomponza.

Jioni alimwambia binti yake, "Usiogope ya watu. Mle ndani mna uchafu tu. Nimeujaribu kwa moto mwenyewe."

"Kweli, baba?"

"Nishawahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Mwanabaraka akatabasamu, akaenda kutwanga ubani.

Alkhamisi asubuhi watu walisimama mbali, kwenye minazi, wote wakijidai hawana haraka. Bi Mgeni alikaa kwenye mkeka mbele ya mlango, mtungi wa maji ya kutawadha ubavuni, akaanza kusoma. Mwanabaraka alivua viatu, akatoa bangili zake mbili, akachukua chetezo chenye makaa mekundu, akaingia. Nyange hakutaka kusimama bure kama wageni. Akajipenyeza ujiani kwenda kuweka alama ya mlango mpya.

Alipitisha kiganja ukutani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ukuta wa nje ulikuwa unatoa jasho, lakini wa ndani ulikuwa mkavu kama kibao cha kusukumia chapati. Kutoka kwenye matundu yaliyopinda ulikuja upepo mdogo ukimpiga miguuni, ukielekea chini ya sakafu. Akafika kwenye kidaka. Kwa mazoea tu, alitia mkono akafuta, na vidole vikagusa kitu laini na baridi. Kioo. Kioo kinene, kimejengewa ndani ya ukuta, na masizi yote yako upande wake yeye.

Basi akaielewa nyumba yote kwa mpigo. Taa iliwekwa huku ujiani, mwanga ukapita kwenye kioo, moto ukabaki nje. Taa nje. Yale hayakuwa maneno ya jini. Yalikuwa amri ya askari kwa askari, na bibi zetu waliihifadhi vizuri kuliko walivyojua. Na ujia, na matundu, na sakafu iliyoinuliwa, vyote vilijengwa ili unyevu usifike chini ya mbao. Yeye aliuchukua unga wake wapi? Mlangoni, chini ya paa linalovuja. Alikuwa ameijaribu mvua, hakuijaribu baruti; ile iliyochujika miaka yote chini ya mbao kavu za kati ilikuwa bado hai.

Na mwanawe yuko mle ndani kwa neno lake.

Kupiga kelele hakuwezi. Mwanabaraka akishtuka, chetezo kiko chini. Nyange alitoka ujiani kwa ubavu, akapita mbele ya Bi Mgeni bila ya kumtazama, na mlangoni akakohoa, taratibu, kama anavyokohoa siku zote akiingia uani.

"Baba?" Mwanabaraka hakugeuka. Alikuwa amekwisha kuweka chetezo kati ya sakafu, amechuchumaa pembeni yake. Ubani ulikuwa unatatarika na kurusha vicheche.

"Ndiyo mimi. Inuka, mama, utoke."

"Bi Mgeni kasema nisitoke mpaka moshi ufike darini."

"Umefika. Tangulia."

Mwanabaraka alimtazama usoni, akaona kitu, akainuka akatoka. Nyange aliinama, akakishika chetezo kwa mikono miwili mitupu. Udongo ulikuwa wa moto, ukamshika ngozi. Hakukiachia. Alipiga hatua, ya pili, ya tatu, na ya nne ikaangukia juu ya ubao uliooza karibu na mlango. Mguu ulititia. Chetezo kiliinama kidogo tu, na kaa moja, dogo kama jicho la kuku, likaruka nyuma, likabiringika juu ya mbao kavu, likatumbukia kwenye ufa.

Alikiweka chetezo nje juu ya mchanga. Sauti aliyoitoa, Mwanabaraka anasema mpaka leo, ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mshike mkono bibi yako, mwende kisimani mkatawadhe."

"Maji si haya hapa, baba?"

"Ya kisimani. Nendeni, nami nakuja. Na hao wa minazini waambie waende nanyi."

Bi Mgeni alianza kugomba, nani kathubutu kuutoa ubani wa watu kabla haujazima, lakini Mwanabaraka alishamwinua. Baba yake hakuwahi kumdanganya. Nyange aliwatazama mpaka walipoipita nyumba ya Bi Mgeni. Halafu akaunyanyua mtungi kwa ile mikono iliyoungua, akarudi ndani, akapiga magoti penye ufa. Kutoka chini ya mbao alisikia kitu kinachofanana na mtu anayechuja tui. Akaanza kumimina maji.

Walikuwa hawajafika kisimani. Waliokisikia kishindo mjini Mkoani walidhani ni radi. Paa la ghala lilikwenda juu lote, na makuti yaliyowaka yakaanguka baharini, mengine mbali sana. Kuta zilisimama. Aliyezijenga alikuwa ameipangia baruti njia yake, ipande juu isiende kando, na katika watu wote waliokuwa nje hakujeruhiwa mtu. Mwanabaraka ndiye peke yake ambaye kwa kishindo kile hakushtuka. Alisimama tu, mkono wa kizee mkononi mwake.

Bwana Abrahman aliweka karafuu zake kwengine. Bi Mgeni alisema, na sote tukasema pamoja naye, kwamba Nyange alimnyang'anya jini ubani wake mdomoni na jini akamchukua. Watu wakaongeza la nne kwenye yale matatu: ubani usitolewe. Mpaka leo, ukija mwaka wenye maradhi, wako wanaotaka kwenda kufukiza mle mle ndani ya kuta, na kuacha chetezo kizime chenyewe.

Kila wakitaka kwenda, Mwanabaraka huja kutoka Konde, mtu mzima sasa, akakaa mlangoni akawazuia. Hana maneno mengi. Ana kigae cha mtungi ule wa maji ya kutawadha, alichokiokota ndani ya kuta zile siku ya pili yake, na hukitoa akawaonyesha. Nao humwambia, pole, mama, lakini kigae kina nini? Yeye hukirudisha kwenye upindo wa kanga. Kisha hukichukua chetezo chao, akakiweka huku nje mchangani, mbali, na kukaa nacho mpaka kaa la mwisho liwe jivu.