Jalada la Maua ya Kahawa

Kiharusi kilimpata Nafuna akiwa dukani kwake mtaani Gitothua, mjini Ruiru, mkasi mkononi, akikata kanzu za kwaya. Mkasi ulianguka kwanza, kisha yeye mwenyewe. Aliyemkimbiza hospitalini ni Wamboi, fundi mwenzake ambaye walikodi naye chumba kile, kila mmoja na cherehani yake. Mungu akajalia, ulimi ukarudi, mguu nao ukarudi. Mkono wa kulia ndio uliobaki nyuma, mzito kama wa kuazima.

Kiilu, mtaalamu aliyekuwa akimfanyisha mazoezi kule Thika, alimwambia atafute daftari.

"Kila siku uandike mkono umefanya nini. Na uandike kwa mkono huohuo, Mama Lenny. Ule mwingine upumzike."

Lenny, mwanawe, akamletea daftari nene lenye picha ya mwanasoka aliyekunja uso. Nafuna akalitazama weee, kisha akalisukuma kando.

"Siwezi kuandika mambo yangu huyu akinikodolea macho. Nitalishonea jalada."

"Lete nikushonee," Wamboi akasema. "Kabla chai haijachemka litakuwa tayari."

"Najua. Ndiyo maana sitaki."

Alichagua kitambaa cha zambarau kilichobaki kwenye kazi za nyuma, na uzi mweupe. Alitaka maua ya kahawa, yale yanayofunika mashamba ya Ruiru mvua ikishanyesha, utadhani mtu amepita akimwaga unga. Zamani angedarizi maua kama hayo huku akipiga gumzo na wateja. Sasa ilibidi fremu ya kudarizia aifunge kwenye ukingo wa meza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na mkono wa kushoto, uliozoea kuingilia kazi isiyo yake, akaukalia.

Sindano ilimponyoka, akaiokota. Ikamponyoka tena. Siku moja aliona damu kwenye kitambaa kabla hajasikia uchungu wowote, kwa maana kidole kilikuwa bado na ganzi. Alikifua kile kitambaa kwa maji baridi, akakianika, na kesho yake akarudi mezani.

Mteja mmoja alimwuliza Wamboi, Nafuna akiwa amekaa palepale, kama yule mama bado anashona.

"Si huyo hapo? Muulize mwenyewe," Wamboi akamjibu, na akaendelea kupima kiuno cha sketi.

Ua la kwanza lilitoka limepinda. La pili lilifanana na kuku aliyekanyagwa na lori, wakalicheka wote wawili mpaka machozi. La tatu lilimtoa jasho kweli. Alipolimaliza alifunga duka akaenda zake nyumbani, na asubuhi iliyofuata akaenda Thika kumwona Kiilu.

Aliporudi dukani mchana, lile ua la tatu lilikuwa limebadilika. Petali zote tano zilikuwa zimelala sawasawa, laini, kama za mashine. Wamboi alikuwa akipiga pasi, kichwa chini.

"Mama Kui," Nafuna akamwita kwa jina la mwanawe, "nani amegusa kazi yangu?"

Wamboi aliendelea kupitisha pasi mahali palipokwisha kunyooka. "Lilikuwa limepinda. Nilidhani utafurahi."

"Lilikuwa limepinda, lakini lilikuwa langu."

Nafuna akachukua wembe, kwa mkono uleule wa kulia, akaanza kufumua. Uzi mmoja, halafu mwingine. Wembe ulitetemeka, na mara moja nusura atoboe kitambaa. Wamboi alishindwa kutazama, akatoka kwenda kununua maziwa. Aliporudi, Nafuna alikuwa hajafika hata nusu.

"Unanifanya nijione kama mwizi," Wamboi akasema.

Nafuna akaweka wembe chini. "Wewe si mwizi. Siku ile ulinibeba, na sijasahau. Ulinibeba kwa sababu sikuweza. Hili naweza. Polepole, lakini naweza."

"Kwa hivyo mimi nikae tu nikikuona ukihangaika?"

Nafuna akamsogezea kibweta cha sindano. "Nitungie uzi. Tundu la sindano bado linanishinda."

Wamboi akavuta kiti, akachukua kibweta cha sindano, akatunga uzi kwenye ile ya kwanza, halafu kwenye nyingine, mpaka zote zikasimama zimechomekwa kwenye mto mdogo mbele ya Nafuna, kila moja na mkia wake mweupe. Kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Haikwenda haraka, ila ilikwenda. Maua yalipokuwa ya kutosha, Nafuna alikata kadibodi ya kutia ndani, akaketi kwenye cherehani yake kwa mara ya kwanza tangu augue, akashona mifuko ya pembeni ya kushikilia daftari. Mshono uliyumba kama mlevi, lakini ulifika mwisho.

Daftari likakataa kuingia. Jalada lilikuwa limebana.

Wamboi alifungua mdomo, akaufunga. Nafuna alimwona, akatabasamu, kisha akafumua upande mmoja, akaachia kitambaa kidogo, akaushona upya. Sasa daftari likateleza ndani, na yule mwanasoka na uso wake uliokunjamana wakafunikwa.

Akalipitishia kiganja juu. Ncha za vidole zilisikia uzi, kwa mbali, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaishika kalamu, akaandika taratibu, herufi zikipanda na kushuka: *Leo mkono umeshona jaada.*

Wamboi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Umeruka herufi," akasema kwa sauti ya chini.

"Nimeiona," Nafuna akajibu, akairudisha kalamu, akaichomeka ile *l* mahali pake.