Kiti cha Mbele cha Gari la Kijani

Septemba 1996, Jumamosi asubuhi, mguu wa kulia wa Waithira ulikuwa bado haukunjiki. Goti lilikuwa limefanyiwa upasuaji mwezi Juni, na daktari wa Thika alikuwa amesema wazi: mazoezi hospitalini kila wiki, la sivyo litabaki hivyo maisha. Waithira alikuwa ameshakosa wiki tatu.

Sababu, kwa maelezo ya Gerishon, mume wa binti yake, ilikuwa gari. Gerishon alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha kusindika matunda, Eneo la Viwanda Thika. Aliishi Ruiru na mkewe Gathoni, watoto wao wawili, na sasa mama mkwe, aliyeletwa kutoka shambani kwake Theta ili awe karibu na barabara kuu. Katika gari lao dogo la saluni Waithira alilazimika kujilaza kiti chote cha nyuma, unyayo ukigonga mlango kila penye shimo. Alisafiri hivyo mara moja. Wiki iliyofuata alisema mguu umechoka, na hakupanda tena.

Kwa hiyo Gerishon aliamua kununua gari kubwa. Kwenye yadi ya magari ya Irshad, pale Ruiru, yalikuwapo mawili ya kufaa, yote ya four-wheel, yote yamepitia Dubai: moja jeupe, moja la kijani. Irshad alisifu rangi na redio. Gerishon alitoa tepu ya kupimia mfukoni na kuingia ndani.

Jeupe lilikuwa refu zaidi. Kiti chake cha kati kilichukua watu wazima watatu bila mabega kugusana. Lakini kiti kilikuwa chini na sakafu iko juu, hivyo magoti yalipanda, na chini ya viti vya mbele hapakuwa na mahali pa kupenyeza mguu. La kijani lilikuwa fupi. Huko mwisho lilikuwa na viti viwili vya kukunja vilivyotazamana, ambapo abiria husafiri ubavu kama mzigo. Hata hivyo, kiti cha mbele cha abiria kilirudi nyuma sana, povu lake lilikuwa gumu, na mbele yake palitosha mguu ulionyooka na nafasi ya kiganja ikabaki.

"Bwana, unapima gari ama jeneza?" Irshad akauliza.

Waithira alipandishwa kiti hicho cha mbele. Mguu ukanyooka wote. Gathoni alimuuliza anasikiaje, naye akajibu kwamba kiti ni kizuri. Gerishon akazunguka upande wa pili, akaketi kwenye usukani ili walijaribu barabarani. Kabla hajawasha, Waithira alikuwa ameshafungua mlango na kuanza kushuka. Alisema heri lile jeupe.

Walilijaribu jeupe hadi Juja na kurudi, yeye akiwa kiti cha kati nyuma ya Gathoni, mguu umesukumwa kando. Waliporudi yadi goti lilikuwa limevimba, na Gathoni alilazimika kumvuta atoke. Waithira alirudia kwamba jeupe linamtosha.

Gerishon hakuelewa. Alipima tena magari yote mawili na kupata vipimo vilevile. Alimwomba Gathoni amuulize mama kama angetaka kuongezewa mto. Mama hakutaka mto. Gerishon na Gathoni walipokwenda kukagua magurudumu, Waithira alimwita Irshad, akaomba kiti cha kukalia, akazungumza naye kwa muda.

Irshad alirudi akicheka kidogo.

"Mama hana shida na kiti," akamwambia Gerishon. "Shida ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Anasema hawezi kukaa bega kwa bega na mume wa binti yake, wewe ukibadilisha gia hapo karibu na goti lake. Heri mguu ukauke."

Wakikuyu huiita thoni, ile heshima inayomtenga mama na mkwe wake. Gerishon aliijua vizuri. Nyumbani hawakuwahi kula meza moja, na akiingia sebuleni, Waithira alihamia jikoni. Ila hakuwahi kufikiria gari kama chumba.

Gathoni alinyoosha mkono. "Leta ufunguo, Baba Shiko."

"Wa nini?"

"Leseni ninayo. Wewe utakaa nyuma."

Kabla ya kuolewa alikuwa akiendesha pikapu ya chama cha ushirika cha kahawa. Tangu hapo hakuwahi kushika usukani Gerishon akiwa garini. Gerishon alisema barabara ya Thika si mahali pa kujikumbusha.

"Sawa," Gathoni akasema. "Basi nenda umwambie mama mwenyewe akae karibu nawe."

Gerishon alimtazama mama mkwe, aliyekuwa ameutazama ukuta. Akatoa ufunguo.

Walinunua la kijani. Jumamosi iliyofuata Gathoni aliliendesha hadi hospitali ya Thika. Waithira alikaa mbele, mguu umenyooka. Kiti chake kilikuwa kimerudishwa nyuma hadi mwisho, kwa hiyo kwenye kiti cha kati palibaki nafasi za watu wawili tu, na watoto, Shiko na Kagwe, walikuwa wameziwahi. Gerishon, ambaye hakukubali kubaki nyumbani, alikunjua kimoja cha viti vya mwisho na kusafiri ubavu, kichwa kikigusa dari.

Hospitalini Waithira alishuka bila kushikwa mkono. Gathoni aliingia ndani na watoto kutafuta zamu. Mlango wa nyuma wa gari ulifunguliwa kutoka nje tu, na Gerishon aligonga kioo mara mbili.

Waithira alizunguka gari polepole, akauvuta mlango, kisha akageuka na kutazama upande mwingine mpaka mkwe wake aliposhuka.