Waya wa Mwisho kwenye Toyota

...na sasa umebaki waya mmoja tu, huu mwekundu, ameuchuna ncha, akaikata, akauchuna tena kana kwamba haujakaa sawa, na Cecil anajua umekaa sawa, amplifaya yenyewe imekwisha tangu jana, transista alizozing'oa kwenye redio kuukuu ya kambi ya ng'ombe, bati la kupozea alilolikata kwenye friji bovu, aliijaribu kwa simu ikaimba vizuri, mgongo unamuuma, vumbi la jangwa hili la Tanami, Australia, limemjaa puani, amechoka, angelala hapa hapa chini ya dashibodi... "Cecil, hiyo amplifaya unaijenga au unaiatamia?" Ni binamu yake Rex, anapita na mpira kwapani. "Jumamosi tunacheza, kaka. Tutaingia uwanjani bila muziki, kimya kimya kama wezi?" na Cecil anajibu bado fyuzi, uongo, fyuzi ipo, shida ni kaseti, ilikwama ndani ya redio ya gari siku amplifaya ya zamani ilipoungua, ukiivuta inakatika, ukiwasha inaimba, na anayeimba humo ni mdogo wake, marehemu, ambaye jina lake halitajwi tena hapa, picha yake haitazamwi, sauti yake haisikilizwi mpaka wafiwa wenyewe waseme... gari lilifukizwa moshi wa majani ili roho yake iende zake, nyumba ikahamwa, lakini kaseti utaifukizaje... na mama yao amekaa pale karibu, kwenye kivuli cha matawi, mama aliyefunga kinywa tangu msiba kama wafanyavyo wanawake wafiwa wa huku, mwaka wa pili huu anaongea kwa mikono tu, utaiwasha vipi sauti ya mwanawe mbele yake, sauti ya yule aliyekuwa akichuchumaa hapa hapa kumshikia Cecil tochi, akimulika kila mahali isipokuwa panapotakiwa, akiimba, Cecil akimwambia hebu nyamaza kidogo nifikiri... na akanyamaza... Rex bado anaongea, jambo fulani kuhusu jezi, kisha anaacha ghafla, Cecil anainua kichwa, mama anaitazama redio, mkono wake unapanda polepole, kidole kinagusa sikio, kinaelekea garini, kinarudi sikioni. Nataka kusikia. Rex anatazama chini. Basi mama alijua siku zote kaseti imo humo, na ruhusa ni yake kuitoa, wiki zote hizi Cecil akidhani anamlinda mama, kumbe mama ndiye aliyekuwa akimngoja yeye... anarudia, sikio, gari, sikio, bila haraka, na waya ungali vidoleni, ncha yake safi, anayeogopa ni yeye, yeye peke yake, anaogopa kwamba wimbo ukianza, yeye, kwa mazoea, atanyoosha mkono nyuma kuomba tochi.