Nahodha Aliyechagua Nyeupe

Kwa miaka kumi na minne Teofil Buchta alichimba makaa ya mawe asubuhi na kucheza beki wa kati jioni, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika juu ya kazi hizo mbili. Timu yake, Zryw ya Karbowice, ambayo alikuwa nahodha wake, ilikuwa timu ya mgodi. Mgodi ndio ulionunua jezi, mgodi ndio uliotoa basi, na wakishinda, mgodi ndio uliotoa bia. Msimu uliopita walikuwa wamelitwaa Kombe la Poland kwa bao ambalo wapinzani walijifunga wenyewe, na kwa bao hilo la aibu wakajikuta katika Kombe la Washindi la Ulaya, pamoja na matajiri wa Uingereza, Hispania na Italia.

"Tunakwenda raundi moja, tunanunua soksi za nailoni, tunarudi nyumbani," alisema Gerard Pyka, kipa wao, mtu ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Wake zetu watafurahi kuliko tukileta kombe."

Lakini mwezi wa tisa wakawapiga Wafini nje na ndani. Mwezi wa kumi na moja wakawatoa Wagiriki huko huko kwao, mbele ya mashabiki waliowarushia machungwa kwa hasira. Gerard aliyaokota machungwa yale moja moja nyuma ya goli na kuyapanga kwenye begi lake la glovu, kwa sababu Karbowice machungwa yalionekana Krismasi tu, tena kwa foleni. Mpaka theluji inaanza kuyeyuka, Zryw walikuwa robo fainali, na wachimbaji waliokuwa wakimwita Teofil "wewe mzee" sasa walimpisha kwenye lifti ya kushukia mgodini.

Robo fainali wakapangiwa Aurelia, Waitaliano. Kule Italia wakafungwa moja bila. Nyumbani, mbele ya watu waliopanda mpaka juu ya mapaa ya karakana, wakashinda moja bila. Siku hizo hapakuwa na penalti za kumaliza ubishi, wala bao la ugenini halikuwa na uzito zaidi ya lingine. Timu zikilingana, zilipelekwa uwanja wa nchi ya tatu zikacheze tena. Wakapelekwa Vienna.

Walisafiri kwa treni, na pamoja nao alisafiri Ndugu Zenon Wrona, katibu wa chama cha kikomunisti pale mgodini. Wrona hakujua offside ni nini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wachezaji kumi na watano wanaokwenda ni kumi na watano wanaorudi. Alikuwa na daftari dogo la jalada la kijani, na kila mtu ndani ya behewa lile aliongea kwa kulipima daftari hilo kwanza.

Mvua ilinyesha Vienna tangu asubuhi. Dakika ya ishirini, mshambuliaji wa Aurelia na Teofil waliuwania mpira mmoja, na mguu wa kulia wa Teofil ukabaki kwenye tope wakati mwili wake umeshageuka. Alisikia goti likilia kama kijiti kikavu. Daktari wa timu akaligusa, akamtazama usoni, akatazama pembeni.

Kubadilisha mchezaji kulikuwa hakuruhusiwi. Timu iliyoumiziwa mtu ilicheza pungufu, au ilimsimamisha majeruhi mahali ambapo hataharibu kitu. Kocha akamtuma Teofil winga ya kushoto.

"Simama tu huko," alimwambia. "Angalau mtu mmoja wao atakulinda."

Hata huyo mmoja hakuja. Waitaliano walimtazama mara mbili, wakamwacha. Kwa dakika mia moja, kwa kuwa muda wa nyongeza nao ulichezwa, Teofil alisimama karibu na chokaa ya pembeni, uzito wote kwenye mguu mmoja, akitazama jinsi namba tisa wa Aurelia anavyopita kila mara pale ambapo yeye angekuwepo. Kila mara mwili wake ulishtuka kutaka kukimbia, na kila mara goti lilimrudisha. Mpira ulimfikia mara tatu. Mara ya tatu aliupiga kwa mguu wa kushoto, ukatoka nje polepole, na mashabiki wa Austria wakampigia makofi ya huruma. Makofi hayo yalimuuma kuliko goti.

Gerard aliokoa kila kitu siku hiyo. Aliokoa kwa mikono, kwa kifua, mara moja kwa sikio. Filimbi ya mwisho ikapulizwa, bila kwa bila.

Basi ikawa kura. Mwamuzi akawaita manahodha katikati ya uwanja. Alitoa mfukoni kisahani cha mbao, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maziwa, upande mmoja umepakwa rangi nyekundu, wa pili nyeupe. Nahodha mmoja angechagua rangi. Miezi yote ile, machungwa na theluji na mapaa ya karakana, sasa vilikuwa juu ya kijipande kile cha ubao.

Mwamuzi aliwasalimu kwa Kijerumani, na kabla hajafikiri, Teofil akaitikia.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu wa Karbowice wa umri wake wote walikijua Kijerumani, maana enzi za vita, Wajerumani walipoitawala nchi, walifundishwa kwacho shuleni kwa fimbo. Vita vilipokwisha, lugha ile ikawa kama upele: aliyekuwa nayo aliificha. Wapo waliopunguziwa mshahara kwa kusikika wakiisema kwenye foleni ya mkate. Lakini Teofil alikuwa amechoka, na salamu ilimtoka yenyewe. Mwamuzi akafurahi kumpata wa kusema naye, akamgeukia yeye.

"Rangi gani?"

Teofil aligeuka kutazama wenzake. Walikuwa mbali, wamekumbatiana kwenye mvua. Aliona mdomo wa Gerard ukifunguka na kufungika, lakini sauti haikumfikia. Akataka kumwomba mwamuzi amngoje, akaulize. Akasema tu kwa Kijerumani, "Sijui."

Sasa, kwa Kijerumani, neno la "najua" na neno la "nyeupe" hutamkwa sawasawa, *weiß*, bila tofauti hata kidogo. Anayesema "sijui" hulitaja hilo hilo kisha huongeza neno fupi la kukanusha. Kwenye mvua ile, kwa sauti iliyokauka, neno fupi halikutoka, au lilitoka likafia njiani.

"Nyeupe," akarudia mwamuzi, akakubali kwa kichwa, na kisahani kikaruka.

Teofil aliinua mkono. Aliuinua kweli, mpaka usawa wa bega. Mkono haukuzuia kitu. Kisahani kilianguka kwenye tope, mwamuzi akainama, na nahodha wa Aurelia akaanza kuruka kabla hata mwamuzi hajainuka. Nyekundu.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Gerard alikuwa amekaa na glovu zake mikononi.

"Nyekundu, nahodha! Nimepiga kelele nyekundu mpaka koo limechanika!" Kisha akamwona Teofil alivyo, akanyanyuka, akamshika kichwa kwa mikono yake yenye matope. "Basi, basi. Hukukosea wewe. Ni kijibao kile, mama yake. Nani angejua?"

Wote wakasema hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Laiti wangemtukana. Angekuwa na cha kujibu.

Treni ilipovuka mpaka, Wrona alikuja kukaa mbele yake. Goti la Teofil lilikuwa limefungwa na kunyooshwa juu ya kiti.

"Ndugu Buchta," alisema taratibu, kama anayeuliza habari za watoto. "Kulikuwa na rangi mbili. Picha zinakwenda mpaka Ulaya Magharibi. Na nahodha wa timu ya wafanyakazi akaikataa nyekundu, rangi ya chama?"

"Sikuikataa, Ndugu Katibu."

"Ulichagua nyeupe."

Teofil aseme nini? Kwamba hakuchagua? Basi aeleze neno gani lilimtoka, na kwa lugha gani, mbele ya watu elfu ishirini. Wrona akaandika kitu kifupi kwenye daftari la kijani.

Habari ilifika Karbowice kabla ya treni. Na kule ikawa na sura nyingine kabisa. Alipoingia klabu ya wachimbaji kwa magongo, bia ilikuwa inamngoja mezani, na ya pili nyuma yake.

"Umewaonyesha," alinong'ona fundi mmoja wa pampu aliyekuwa hajawahi kumsalimu. "Mbele ya dunia! Nyeupe! Afadhali kutolewa kuliko kuitamka ile nyingine."

"Haikuwa hivyo," alisema Teofil.

"Tunaelewa, ndugu yangu. Huwezi kusema. Kunywa."

Alikunywa. Kila Teofil alipojaribu kueleza, walimkonyeza jicho.

Nyumbani alimweleza mkewe, Otylia, kila kitu. Otylia alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza mpaka neno la mwisho, kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika meza, na kicheko kikageuka kilio bila hata kupumzika katikati.

"Ulisema hujui," alisema akijifuta kwa aproni. "Mungu wangu, Teofil. Maneno ya kweli kuliko yote, ndiyo yaliyokuponza."

"Nikawaambie?"

"Umwambie nani? Wrona? Useme ulimwongelesha mwamuzi Kijerumani? Au wale wa klabu, wakuone mwongo na mwoga? Kaa kimya, mume wangu. Kaa kimya tu."

Wiki ya tatu akaitwa mbele ya kamati ya chama pale mgodini. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala; asubuhi Gerard alimngoja getini.

"Sikiliza, nimekupatia jibu," alisema Gerard. "Bendera yetu ina rangi gani juu?"

"Nyeupe."

"Na chini?"

"Nyekundu."

"Basi! Ulianza na ya juu. Uzalendo. Nani atakugusa?"

Teofil aliingia akasema hivyo, maneno yakimtoka kama somo la kukariri. Wajumbe walitazamana. Polepole uso wa Wrona ukalainika. Hata yeye alikuwa anatafuta njia ya kulifunga jambo lile. Jumamosi likatoka gazeti la mgodi, picha ya Teofil ukurasa wa kwanza, na chini yake: NAHODHA ALICHAGUA KWA MOYO WA TAIFA. Waliongeza na maneno mengine ambayo hakuyasema kabisa, kuhusu uzalishaji.

Tangu Jumatatu ile bia zikakoma. Fundi wa pampu alipita karibu na meza yake, akatema mate pembeni. "Wamekununua kwa bei gani?" aliuliza, na hakungoja jibu.

Goti halikupona. Mwezi wa tano daktari akaandika kwamba hatashuka tena mgodini, wala hatacheza. Wakampa kazi kwenye chumba cha taa, awagawie wachimbaji taa zao kila zamu inapoingia. Waliosema amehamishiwa huko kama adhabu walisema hivyo, na waliosema amezawadiwa kazi nyepesi kwa kujipendekeza wakasema yao. Cheti cha daktari hakuna aliyetaka kukiona. Aurelia walifungwa nne bila kwenye nusu fainali. Teofil alilisoma hilo kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa soseji.

Mama yake Teofil, kikongwe wa miaka sabini na minane aliyeishi ghorofa ya chini, alikuwa ameikata picha ile ya gazeti la mgodi, akaitia kwenye fremu na kuitundika juu ya meza ya kulia, kando ya Bikira Maria. Kila Jumapili familia ilikula kwake, nyama ya kukunja na madonge ya viazi, na kiti cha Teofil kilikuwa chini ya picha ile.

"Ishushe, mama," alimwambia Jumapili moja ya mwezi wa sita.

"Kwa nini? Sijawahi kuwa na mtu gazetini."

"Si kweli ilivyoandikwa."

Bibi kizee aliweka mkono nyuma ya sikio. "Unasema?"

Teofil alimtazama Otylia. Otylia alikuwa ameinamia sahani.

"Nimesema mchuzi mtamu, mama."

"Basi ongeza," alisema bibi, akamsogezea bakuli.